Msuli wa kigimbi ulikaza usiku, mpaka leo bado panauma. Niende hospitali au nisubiri?

Mama Wawili:
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Wiki iliyopita nimetoka Mwanza kuja Dar kwa basi, nilikaa dirishani safari nzima hata kushuka kunyoosha miguu sikushuka. Usiku uliofuata nimelala zangu kigimbi cha kushoto kikakaza, nikaamka napiga kelele, mume wangu akanivutia vidole kuja juu ndo ukaachia. Nikajua yameisha. Sasa siku zinaenda na pale pale bado panauma, hasa nikisimama sana au nikipanda ngazi, nikilala panapungua ila hapaishi. Nimepaka dawa ya kuchua nimemeza na panadol naona vilevile tu. Mama mkwe anataka anikande na maji ya moto afu anichue na mafuta ya nazi. Je hii ni kawaida? Sitaki kwenda kupanga foleni kumbe ni msuli tu.

Winga wa Kushoto:
Pole sana dada. Mi nacheza mpira hii kitu inanipata sana, msuli ukikaza kwa nguvu unabaki na maumivu kama umepigwa rungu. Kunywa maji mengi, kula ndizi, nyoosha mguu taratibu asubuhi na jioni, utapona.

Bi Shangwe:
Winga, ya kwako inaisha siku moja mbili, ikizidi sana tatu nne. Mwenzio anasema wiki na haipungui.

Nesi wa Zamu:
Dada kabla hujachuliwa naomba unijibu. Ni mguu mmoja tu? Umevimba? Ukiugusa una joto kuliko mwenzake? Unatumia vidonge vya majira, au umejifungua au kufanyiwa operesheni karibuni? Na kifua, unapumua vizuri? Nauliza kwa sababu kukaa safari ndefu, kuanzia masaa manne na kuendelea, kunaweza kufanya damu igande kwenye mshipa wa ndani ya mguu, na wengi wanaopata hiyo shida wanaielezea hivi hivi, kwamba msuli umekaza na hautaki kuachia. Naomba sana usichuliwe kwanza, lile bonge la damu linaweza kumeguka likapanda mpaka kwenye mapafu.

Mzee wa Kilwa Road:
Nesi jamani si mnamtisha mtoto wa watu, mabasi yanajaa kila siku na watu wanashuka wazima.

Nesi wa Zamu:
Ni kweli mzee wangu, wengi hawapati, na yeye pia inawezekana msuli umechanika kidogo tu. Ila kwa macho huwezi kujua, na sisi ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi. Mama Wawili chukua tepu ya fundi cherehani, chini ya goti kwa mbele kuna mfupa umechomoza, shuka sentimita 10 kutoka hapo, pima mzunguko wa miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3 hiyo ni dalili kubwa. Ikiwa chini ya hapo bado haimaanishi uko salama.

Dogo wa Tandika:
Bro wangu yalimkuta baada ya kufungwa POP, ile plasta ngumu ya mguuni, alivimba mguu tukasema ni uchovu wa kutembelea magongo. Kupigwa utrasaundi ya mishipa ikaonekana damu imeganda, akachomwa sindano za tumboni afu vidonge miezi mitatu. Sahivi yuko fresh anafanya kazi zake.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Ni mguu mmoja tu, joto kidogo lipo. Vidonge vya majira natumia, sikuwaza kabisa kama vinahusiana. Nimepima, wa kushoto umezidi 3 na nusu hivi, nimerudia mara mbili. Kifua kiko sawa. Nisubiri Jumatatu?

Nesi wa Zamu:
Hapana mdogo wangu, nenda leo leo. Usiishie zahanati, nyingi hazina hiyo utrasaundi ya mishipa, nenda hospitali kubwa kama Temeke au Amana na uingilie dharura. Usiseme tu mguu unauma, sema umesafiri na basi, unatumia majira, na mguu mmoja umevimba kwa hiyo sentimita 3 na nusu. Beba na paketi ya vidonge maana sio aina zote zinaongeza hatari, daktari ataamua uache au uendelee. Usijianzishie aspirini. Na ukihisi pumzi inakata, kifua kinachoma ukivuta hewa, au umekohoa damu, usisubiri hata dakika, waambie hapo hapo.

Mzee wa Kilwa Road:
Basi hapo nimeelewa. Nenda mwanangu, na huyo mama mkwe mwambieni kwa upole, nia yake ni njema.

Mama Wawili:
Nimemweleza ameelewa, ndo anabaki na watoto. Mume wangu ameshaita bajaji, paketi nimeweka kwenye pochi. Nitawaambia watakachosema.

Bi Shangwe:
Tunakusubiri mama. Hata ukitoka usiku wa manane andika.