Ushauri: Wekundu wa matoleo mawili ya roboti haufanani, nipake au niache?

Gurudumu8
Wakuu, naomba msaada. Nina maroboti mawili ya kuchezea yanayogeuzwa kuwa lori, kalibu (umbo la kumiminia plastiki) ni moja ila matoleo tofauti. Wekundu wa la kwanza unaelekea chungwa, wa la pili umekolea. Hilo la pili lina shida zaidi: paa na milango ya lori havifanani. Begani nako rangi imechubuka hadi plastiki ya kijivu inaonekana. Nitajuaje kama tofauti ni ya kweli au ni ya taa? Na hapo begani nizibe na rangi gani?

Kalibu_Moja
Anza na taa, mambo ya brashi baadaye. Chini ya balbu ya njano ya 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) hakuna wekundu wa kuaminika. Tumia mwanga wa mchana kivulini, au taa ya 5000 hadi 6500 K yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 kwenda juu. Toboa karatasi ya kijivu matundu mawili ya sentimita moja na uyaweke juu ya vipande unavyolinganisha. Nyekundu iliyopakana na bluu hulidanganya jicho, karatasi inaificha hiyo bluu.

Kisha badilisha taa. Zikifanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, zimetengenezwa kwa pigmenti tofauti, na hutapata mchanganyiko utakaolingana kila mahali.

Picha za matangazo achana nazo. Nyingi ni za sampuli iliyopakwa kwa mkono kabla kiwanda hakijaanza kuzalisha.

MkonoWaTatu
Kuhusu paa: mara nyingi paa na vioo ni kipande kimoja cha plastiki inayopitisha mwanga, halafu pasipo dirisha panapakwa nyekundu. Milango ni plastiki iliyotiwa rangi tangu kuyeyushwa. Chungulia upande wa ndani wa paa. Ukiona plastiki ya kioo, jibu ndilo hilo. Hapo usiguse na laka wala thina yake, plastiki hiyo hupata ukungu na nyufa. Akriliki ya maji tu.

Bega ni suala jingine. Rangi haichubuki bure, kuna kitu kinaisugua. Ligeuze polepole ukitazama kinachogusa, fungua skrubu, piga msasa namba 1000 kwenye upande usioonekana wa kipande kinachosugua, kidogo kidogo huku ukijaribu. Ukipaka bila kufanya hivyo, itachubuka tena palepale.

Kisha osha kwa maji na sabuni, kausha, paka mkono mmoja mwembamba wa nyeupe, maana nyekundu haifuniki kijivu vizuri. Fuatisha mikono miwili au mitatu ya nyekundu, sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji. Ukitaka ielekee chungwa, ongeza chungwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Usiing'arishe kwa nyeupe, utapata waridi. Akriliki hukolea ikikauka, kwa hiyo jaribu kwanza sehemu ya ndani na ulinganishe kesho yake. Angalia na mng'ao pia: rangi sahihi iliyofubaa katikati ya plastiki inayong'aa bado itaonekana kiraka.

Gurudumu8
Shukrani. Na ile pini nyeupe yenye utelezi ndani ya bega, nayo nipake?

MkonoWaTatu
Hapana. Inaelekea ni POM, aina ya plastiki ngumu yenye utelezi, rangi haishiki pale, hubanduka kama ngozi. Tena unene wake hubana tundu, na ukilazimisha kuzungusha, kinachopasuka ni bega.

Njano_Asilia
Nyongeza kabla hujafungua rangi: hakikisha roboti si la zamani. Transformers (maroboti ya kuchezea yanayogeuka) za kwanza za 1984 nyingi zilitoka kwenye kalibu za Diaclone na Microman, vinyago vya awali vya kampuni ya Kijapani ya Takara, na kalibu moja ilitumika kwa rangi kadhaa. Kalibu iliyotoa Sunstreaker wa njano, mmoja wa maroboti ya Transformers, ilishatoa gari jekundu kwenye Diaclone. Kwa hiyo rangi ngeni si ushahidi wa bandia, na ukiipaka umeshusha thamani.

Usifute kwa spiriti sehemu zilizopakwa wala zenye kromu. Na kama kuna plastiki ya dhahabu yenye michirizi ya kumetameta, usiligeuze kabisa. Ile huvunjika yenyewe kwenye pini.