Nimemaliza dozi ya antibayotiki, tumbo limevurugika, nifanyeje?

mama_pacha: Habari zenu wapendwa, nilivimba jino nikaandikiwa amoksilini ile yenye klavulaneti siku 7. Jino limepoa namshukuru Mungu ila toka siku ya tatu naharisha maji maji mara nne kwa siku, tumbo linaunguruma na gesi haiishi. Dozi nimemaliza juzi. Jirani anasema nikanunue Flagyl, mama mkwe anasema nishindie mtindi. Nimfuate nani?

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Flagyl usinywe kwa kubahatisha, hiyo nayo ni antibayotiki. Utumbo mpana una bakteria matrilioni, ndio wanaochachusha nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kumeng'enya, wanatengeneza vitamini K, halafu wamejaza nafasi wadudu wabaya wakose pa kukaa, sasa dawa ya jino ikishuka huko haichagui, inafyeka wazuri na wabaya pamoja. Kunywa ORS, pakti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukiona damu, homa au tumbo linakukata sana nenda hospitali haraka na uwaambie umetoka kwenye antibayotiki, kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile anapenda kuibuka wenzake wakishakufa, hata wiki kadhaa baada ya dozi.

Mkulima77: Mtindi kunywa kama chakula, haudhuru. Ila vile vidonge vya probayotiki, yaani vya bakteria hai, vya bei mbaya msikimbilie, utafiti wa Israeli wa 2018 uliona waliovimeza baada ya antibayotiki bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko walioachwa bila kitu. Utafiti mwingine wa Denmark uliotoka mwaka huohuo uliwapa vijana 12 wazima antibayotiki tatu kali siku 4, wengi wa bakteria walirudi ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina kadhaa mpaka miezi sita zilikuwa hazijaonekana. Kula maharage, dona, matembele, hicho ndicho chakula chao.

baba_J: Naomba watu wasisome hapa wakaogopa dawa. Mama yangu alikuwa na nimonia, bila antibayotiki tungemzika. Kinachoniuma ni mtu ana mafua, ambayo ni virusi, anaenda duka la dawa anapewa vidonge sita vya amoksilini anaondoka, anavuruga tumbo na mafua yako palepale.

mama_pacha: Asanteni sana jamani, sikujua kama Flagyl nayo ni kundi hilohilo. Damu sina, homa sina. Nimeshakoroga ORS, kesho kutwa isipopungua narudi kwa daktari.