Mfupa wa kidari unacheza na mshono unatoa majimaji baada ya upasuaji wa moyo: je, tumalize kwanza dozi ya vidonge?

Binti Mkubwa (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wa wenye ujuzi kuhusu baba yangu, ambaye amevuka miaka 60 na ana kisukari cha muda mrefu. Alifanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, akaruhusiwa kutoka hospitali mshono ukiwa umekauka na hamu ya kula imerudi. Wiki ya tatu, ncha ya chini ya mshono ilianza kulowesha shati. Mwanzoni yalikuwa majimaji mepesi, sasa yamekuwa mazito na yana harufu. Tulipewa antibiotiki za vidonge na kuelekezwa kusafisha kidonda kila siku, na kweli wekundu umepungua.

Hata hivyo, mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza, sukari imepanda ingawa hajabadilisha chakula wala dawa. La pili, anapokohoa anasema mfupa wa kifua unacheza, na nilipoweka kiganja juu ya mshono nilihisi kitu kikigongana kwa ndani. Ndugu wengine wanashauri tumalize dozi kwanza ndipo turudi. Je, ni salama kusubiri?

Mpasuaji wa Kifua

Pole sana kwa kuuguza, dada. Msisubiri dozi iishe. Mrudisheni mzee leo hii, ikiwezekana kwa timu ileile iliyomfanyia upasuaji, na mkifika muwaeleze kwanza kuhusu huo mfupa unaogongana, kabla hata ya kuwaonyesha majimaji.

Nieleze sababu. Ili kuufikia moyo, mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha nusu zake mbili hurudishwa pamoja na kukazwa kwa waya za chuma kisichoshika kutu. Juu ya mfupa kuna mafuta na ngozi. Nyuma yake ndimo moyo ulimo. Maambukizi yaliyoishia juu ya mfupa ni jambo la kero zaidi kuliko hatari: hufunguliwa sehemu ndogo ya mshono, husafishwa, na mgonjwa hupona. Yakifika kwenye mfupa na nyuma yake, jambo ambalo huwapata takriban wagonjwa 1 hadi 3 kati ya 100, hapo tunazungumzia ugonjwa unaoweza kuua. Ngozi inaweza kuonekana inapona huku usaha ukijikusanya chini yake, na kwa hiyo kupungua kwa wekundu hakunipi utulivu wowote. Mfupa unaocheza pamoja na usaha, kwangu mimi, ni maambukizi ya ndani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sukari iliyopanda bila sababu inaelekea upande huohuo, kwa kuwa mwili unaopambana na vimelea huachia homoni zinazopandisha sukari, wakati mwingine kabla hata ya homa kuonekana.

Mtakapofika, tarajieni apimwe damu, ikiwemo ya kuotesha vimelea maabara, na apigwe picha ya CT ya kifua. Picha hiyo ina mtego wake: katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, majimaji kiasi na hewa nyuma ya mfupa huweza kuwepo hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo husomwa pamoja na kile ambacho mkono umehisi. Kupangusa usaha wa juu kwa pamba na kuupeleka maabara hakutoshi, maana mara nyingi hunasa vimelea vya ngozi tu. Sampuli ya kuaminika ni ile inayochukuliwa ndani kabisa wakati wa kusafisha. Kwa sababu hiyo pia msiongeze antibiotiki nyingine kienyeji. Zinaweza kumficha mhalifu bila kumuua.

Msomaji Mkongwe

Naheshimu ushauri wa daktari, lakini naona kama tunamtisha binti wa watu. Shemeji yangu alitoa usaha kifuani baada ya upasuaji kama huo, akachomwa sindano za antibiotiki kali kupitia mshipa, na leo yuko shambani analima. Kwa nini kukimbilia kumfungua mzee kwa mara ya pili?

Mpasuaji wa Kifua

Swali lako ni la haki, mzee wangu. Nina hakika kubwa kwamba maambukizi ya shemeji yako yaliishia juu ya mfupa. Mfupa uliokufa hauna damu inayopita ndani yake, na dawa husafiri kwa damu. Hata ukiongeza dozi, haifiki panapotakiwa. Aidha, bakteria kama Staphylococcus aureus na ndugu yake Staphylococcus epidermidis, ambao ndio wahusika wakuu hapa, hujijengea utando wa kunata juu ya waya, na ndani ya utando huo dawa huwagusa kidogo sana. Zamani vidonda hivi viliachwa wazi na kujazwa shashi, na wengi walipoteza maisha. Mwaka 1963 wapasuaji Shumacker na Mandelbaum walieleza njia ya kusafisha, kufunga, na kupitisha dawa ndani kwa mirija. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, wapasuaji wakaanza kuondoa mfupa ulioharibika na kujaza nafasi kwa misuli ya kifua au kwa tabaka la mafuta linalofunika utumbo, na vifo vikapungua sana. Antibiotiki zilikuwepo muda wote huo. Kilicholeta tofauti ni kuondoa kilichooza na kupeleka mahali pale nyama yenye damu.

Niongeze jambo moja kuhusu mfupa huu. Katika upasuaji wa aina hii, mara nyingi mshipa unaoshuka kando ya kidari ndio huchukuliwa na kuunganishwa kwenye moyo. Ni mshipa bora kuliko wote kwa kazi hiyo, lakini ndio huohuo unaoulisha mfupa damu. Ikichukuliwa ya pande zote mbili kwa mtu mwenye kisukari au mnene kupita kiasi, mfupa hubaki na njaa.

Binti Mkubwa

Ahsanteni sana. Tulimpeleka siku ileile. Wamemfungua, wameondoa waya zilizolegea na kukwangua mfupa, na maabara imeotesha Staphylococcus aureus. Sasa kifua hakijafungwa. Kuna sponji ndani iliyofunikwa kwa plastiki, na mrija unaoelekea kwenye mashine inayofyonza. Mama anaamini wameshindwa kumfunga. Je, ni kawaida kumwacha mtu kifua wazi?

Muuguzi wa Vidonda

Mpe mama pole na umtoe hofu, mdogo wangu. Hajaachwa. Mashine hiyo hufyonza kwa nguvu ambayo kwa kawaida ni milimita 125 za zebaki, ingawa karibu na moyo wengine huipunguza. Kazi yake ni kutoa usaha na majimaji, kupunguza uvimbe, kuvuta nyama mpya yenye damu, na kushikilia kuta za kifua zisichezecheze, kiasi kwamba wagonjwa wengi huweza kupumua wenyewe, kuketi na hata kutembea huku imewashwa. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, na kila mara daktari huangalia kama nyama imekuwa nyekundu yenye kung'aa na kama vipimo vya uvimbe katika damu vinashuka. Vikiridhisha, ndipo hufungwa.

Kati ya sponji na moyo kuna karatasi laini yenye vitundu, isiyonata. Sisi wauguzi tunaihesabu na kuiandika kila inapobadilishwa, kwani sponji ikigusa chumba cha kulia cha moyo moja kwa moja inaweza kukichubua na kusababisha damu nyingi kutoka ghafla. Kwa hiyo kama mmekaa naye na mkaona damu nyekundu inajaa kwenye mrija, pigeni kelele kumwita muuguzi papo hapo. Ufyonzaji huzimwa kwanza, maswali baadaye. Majimaji ya rangi ya waridi kidogokidogo hayana shida.

Kwenye chakula sina utani. Kidonda cha ukubwa huo hupoteza protini nyingi kupitia mrija, na mzee wa kisukari anayekula nusu sahani kwa kuogopa sukari hatajenga nyama. Ale vyakula vyenye protini vya kutosha, na sukari ishushwe kwa insulini, sio kwa njaa. Wodini tunalenga ibaki chini ya miligramu 180 kwa desilita.

Binti Mkubwa

Mama amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Swali la mwisho: wanasema watamfunga kwa kutumia misuli ya kifua. Je, mikono itabaki na nguvu, na dawa zitaendelea hadi lini?

Mpasuaji wa Kifua

Misuli hiyo huachanishwa na mbavu na kusogezwa katikati pamoja na mishipa yake ya damu. Atapungukiwa na nguvu kiasi katika kusukuma na kukumbatia, ila kuvaa, kuoga na kubeba vitu vya kawaida hurejea kwa watu wengi. Mirija ya kutoa majimaji itabaki chini ya misuli mpaka yanayotoka yapungue. Msiombe iondolewe mapema kwa sababu inamkera. Kama sehemu kubwa ya mfupa imeondolewa, anaweza kuhisi kifua kikicheza kidogo maisha yote, na bila usaha wala maumivu hilo halihitaji kufunguliwa tena.

Antibiotiki kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, sehemu ya kwanza kupitia mshipa. Wakimwandikia antibiotiki iitwayo rifampisini, hakikisheni anaimeza pamoja na dawa nyingine waliyompa na kamwe asibaki nayo peke yake, kwa kuwa bakteria huyu huizoea upesi sana. Itageuza mkojo na machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Mwambieni mama mapema.