Rangi gani ya injini itastahamili huku kwetu?

Mpemba_wa_Wete: Assalaam aleikum jamani, mie nna gari la Bedford la marehemu babu, injini nshaishusha naisafisha, mwaka juzi niliipaka rangi ya mafuta hii ya milango, haikufika miezi mitatu ikajikunja kama utando wa maziwa, na pale kwenye manifoldi, lile bomba la chuma linalotoa moshi kwenye injini, ikaungua ikanuka gari zima. Sasa nipake nini?

FundiMwembeladu: Waaleikum salaam. Yakhe rangi haina kosa, umeipa kazi si yake. Bloku, yaani kiwiliwili cha injini, joto lake kama digrii 100 hivi, enameli ya injini (rangi ngumu ya kung'aa) yatosha. Manifoldi ya ekzosi ndo balaa, yaweza kupita 500, hiyo inataka rangi ya silikoni ya moto mkali, ipake juu ya chuma kitupu bila praima (rangi ya chini ya kutangulia), kisha washa injini kidogokidogo ipikike.

Mtoto_wa_Mkoani: Na kusafisha je? Mafuta ya taa na brashi ya waya, kisha thina kwa kitambaa cheupe, kikitoka cheusi rudia. Tena usilaze chuma kitupu, upepo wa bahari huu asubuhi unakuta kutu.

Mpemba_wa_Wete: Lo! Mie nilifuta kwa petroli tu nkapaka 😅