Taa ya sensa msalani kwa mama wa miaka 78, inazima yumo ndani! Mafundi, mnatufanya nini?

Jamani nina hasira, na leo sinyamazi.

Nyumba yetu ni ya zamani, Malindi, hapa Mji Mkongwe. Ukiweka mkono kwenye dirisha la ukumbini, kiganja hadi kiwiko vyote vimo ndani ya ukuta. Bi Mkubwa magoti yamemshinda, ngazi hapandi tena, basi tukamshusha chumba cha chini na tukamtengenezea msala mdogo pale chini ya ngazi, futi tatu kwa tano. Dirisha hakuna. Ukifunga mlango saa sita mchana, mle ni usiku. Kwa hiyo taa mle ndani si pambo, ndiyo macho yake.

Fundi nilimwambia mapema kabisa: anayetumia ni mtu mzima, anaona kwa tabu, na alfajiri anatawadha humu humu. Akanijibu, "Dada usiwe na wasiwasi, nakufungia ya kisasa, hata swichi hatogusa." Akafunga taa ya sensa, ile inayojiwasha yenyewe mtu akiingia, juu ya mlango. Nikamlipa nusu.

Juzi, saa kumi na moja kasoro, nasikia sauti: "Mwanangu, taa imenizimikia tena."

Tena! Kumbe siku zote hizo inamzimikia na hasemi, anaona haya kumwita mtu msalani. Nikamkuta kasimama kizani, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo, mwengine unapapasa ukuta. Kopo limeanguka, maji yametapakaa kwenye vigae, kanga imelowa mpaka magotini. Hakuanguka, alhamdulillahi. Lakini mikono ilimtetemeka mpaka tukamaliza chai.

Kulipokucha nikapanda kwenye kigoda nikaifungua ile taa mwenyewe. Sensa ya namna ile inafuata joto la mwili linalosogea. Mtu akitulia, kwake hayupo. Sasa mtu mzima chooni afanye nini kama si kutulia? Apunge mikono? Ndani mna vidude vya kuzungusha kwa bisibisi, na kimoja ni cha muda. Fundi kakiacha mwisho wa chini kabisa. Nikakaa kimya nikahesabu: sekunde 20, giza. Kukizungusha kile ni kazi ya dakika moja, na hakukigusa.

Na hata ikiwaka, imekaa pabaya. Taa iko juu ya mlango, maana yake ukiingia iko nyuma yako, na kivuli chako mwenyewe kinalala juu ya kile kidaraja cha kupandia chooni. Mahali pekee ambapo mama anahitaji kuona ndipo palipo peusi. Angeisogeza mbele futi mbili tu, kwenye dari, kivuli kingebaki mlangoni.

Rangi nayo. Boksi limeandikwa 6500K, ule weupe unaoelekea buluu, na globu iko wazi, haina kifuniko. Vigae vyeupe vinaurudisha ule mwanga wote usoni. Jicho la mtu wa miaka 60 linapata takriban theluthi moja ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo mzee anahitaji mwanga zaidi, ndiyo, lakini mng'ao wa kumchoma machoni unampofua haraka kuliko sisi. Alfajiri anatoka kizani anakutana na kitu kile!

Duka lililouza sina hamu nalo. Niliuliza kama inahimili maji, muuzaji akasema "zote hizi za chooni." Imeandikwa IP20, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji! Tarakimu ya pili ndiyo ya maji, na sifuri maana yake haina kinga yoyote. Msala wa watu wanaooga na kutawadha kwa ndoo unataka angalau IP44, ya kuhimili maji yanayorukia. Raba haina, na kwa chumvi ya hewa yetu skrubu zimeshaota kutu kwenye miezi miwili. Umeme wa volti 230 juu ya kichwa cha mtu aliyelowa.

Nimeing'oa. Fundi mwengine kaweka globu ya LED wati 9, 3000K, mwanga wa umanjano, ndani ya kioo cha rangi ya maziwa kilichofungwa, IP65, kwenye dari mle ndani, mbele ya mlango. Swichi ya kawaida nje, usawa wa bega la mama, yenye kitaa chekundu cha kumwonyesha ilipo. Kwenye kidaka cha ukumbini nimemuwekea kitaa cha kuchaji, maana umeme wetu mnaujua. Mwenyewe kaingia, katoka, kasema tu, "Leo nimekiona kidaraja."

Yule wa kwanza jana kapiga simu anadai elfu ishirini zake zilizobaki za ufundi, eti taa nzima, haina kosa. Nimemwambia zipo. Aje kuzichukua saa kumi na moja alfajiri, nitaifunga tena taa yake pale pale alipoiweka, na yeye aingie mle, afunge mlango, akae kimya.