Kufundisha kibofu, kubana misuli au vidonge: kipi kwanza baada ya upasuaji wa tezi dume?

Mdadisi
Wakuu, naomba tulinganishe. Mtu ametolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, mpira wa mkojo umeshatoka, sasa mkojo unamponyoka. Huyu anamwambia aende chooni kwa ratiba ya saa (ndiko kufundisha kibofu), yule abane misuli ya sakafu ya nyonga, mwingine ameze vidonge. Kipi kinatibu nini?

FizioNyonga
Angalia kwanza mkojo unatoka wakati gani. Ukitoka ukikohoa, ukipiga chafya, ukiinuka kitini au ukinyanyua mzigo, tatizo ni kufunga. Mwanamume ana misuli miwili ya kufunga mkojo. Upasuaji huu hugusa ule wa juu, kwenye shingo ya kibofu, na kazi karibu yote huangukia ule wa chini. Hapo dawa kuu ni kubana, saa haitakusaidia sana. Lakini ukibanwa ghafla na kushindwa kufika chooni, kibofu ndicho kinachojikaza kabla ya wakati, na hicho kinafundishika. Wengi wana yote mawili. Hao waanze na misuli, kwa sababu hata kutuliza haja ya ghafla kunategemea misuli hiyohiyo.

Lala chali, kunja magoti. Vuta kana kwamba unarudisha uume ndani na kuinua korodani. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 5, mara 10, seti 3 kwa siku. Panda taratibu hadi sekunde 10, kisha fanya ukiwa umekaa, halafu umesimama. Anayeishia kitandani hupata nguvu asiyoweza kuitumia, maana mkojo huvuja zaidi mtu akiwa wima. Usizuie pumzi wala kukaza tumbo: tumbo likikazwa hukandamiza kibofu. Bana pia sekunde moja kabla ya kukohoa au kuinuka. Mpira ukiwa bado ndani, usianze.

Nesi_Mkojo
Nakubaliana na Fizio. Upande wa kibofu, anza na daftari la siku 3. Mstari mmoja uwe hivi: "saa 3:10 asubuhi, ml 150, kahawa kikombe 1, nilibanwa ghafla, pedi imelowa kidogo." Kojoa kwenye jagi lenye vipimo, usikisie.

Daftari likionyesha unakwenda kila baada ya saa moja, hiyo ndiyo ratiba yako ya mwanzo. Nenda muda ukifika, hata kama hujabanwa. Ukimudu, ongeza dakika 15 kila wiki hadi ufike saa 3 au 4. Usiku lala, ratiba ni ya mchana.

Haja ikija kabla ya muda, usikimbie. Simama tuli au kaa, bana na kulegeza harakaharaka mara 5 au 6, pumua polepole, ngoja ile haja ipungue, ndipo utembee. Kubana huko hupeleka ishara ya kukituliza kibofu.

Mawili huharibu kazi yote. La kwanza ni kwenda chooni kila nusu saa "kwa tahadhari", kibofu kikazoea kubeba kidogo. La pili ni kuacha maji. Mkojo mzito huwasha kibofu na haja huongezeka. Kunywa lita 1.5 hadi 2, kama daktari hajakuwekea kiwango kingine, na upunguze kahawa, soda za kola na pombe. Saa 2 au 3 kabla ya kulala, punguza vinywaji.

Kibofu101
Niongeze kitu kinachosahaulika: kama mkojo unachuruzika mfululizo, kibofu hakipati nafasi ya kujaa. Ratiba ya saa haina cha kufundisha hapo. Tumia pedi, bana misuli, na upime maendeleo kwa mizani: pedi iliyolowa toa uzito wa pedi kavu, gramu 1 ni takriban ml 1. Idadi ya pedi hudanganya, kwa kuwa mmoja hubadilisha ikiwa na matone, mwingine ikiwa imejaa.

Klipu ya uume, yaani kibanio cha nje kinachozuia mkojo, inafaa kwa shughuli fupi tu. Ifungue angalau kila baada ya saa 2, usilale nayo, na asiitumie aliyepoteza hisia sehemu hizo.

MfamasiaWaZamu
Vidonge ni vya haja ya ghafla, havikazi msuli wa kufunga. Oksibutinini na solifenasini hukausha kinywa na kufunga choo, na choo kigumu nacho hukandamiza kibofu. Oksibutinini inaweza kuwachanganya wazee. Mirabegroni haikaushi kinywa sana, ila inaweza kupandisha presha. Kabla ya kuanza, daktari apime kwa ultrasaundi mkojo unaobaki baada ya kukojoa.

Mdadisi
Shukrani. Na mtu asubiri hadi lini?

FizioNyonga
Nafuu huja polepole kwa miezi, wengi ndani ya mwaka. Uvujaji mkubwa ukiendelea baada ya miezi 6 hadi 12 ya mazoezi sahihi, azungumze na daktari wa mkojo kuhusu utepe wa kuinua njia ya mkojo au vali bandia. Lakini mkojo ukitoka kwa mkondo mwembamba, ukilazimika kusukuma, asingoje: huenda kovu limebana njia. Mkojo ukigoma kabisa, homa ikipanda au mabonge ya damu yakitoka, ni hospitali siku hiyohiyo.