Nimemaliza filamu isiyo na waigizaji, kuna jamaa anataka kuinunua jumla. Niuze au nisiuze?

Ukungu_wa_Rungwe

Wakuu shikamooni mliotangulia, wengine mambo vipi.

Niko Mbeya hapa Uyole, kazi yangu ni kushuti harusi na sendofu, ila kuna kitu changu nilikuwa nakifanya pembeni na sasa kimeisha. Ni filamu ya dakika 24, haina ile stori ya huyu kampenda yule wakaachana, hamna mwigizaji, hamna mtu anayeongea mbele ya kamera. Ni mashamba ya chai kule Tukuyu asubuhi ukungu ukiwa mzito, mikono ya wachumaji, na sauti ya marehemu bibi ambayo babu aliirekodi kwenye kaseti miaka hiyo akisimulia kwa Kinyakyusa. Kaseti ililiwa na unyevu kwahiyo kuna sehemu sauti inazama halafu inarudi. Sikuisafisha. Nikaacha picha nayo izame na sauti, yaani bibi akipotea skrini yote inakuwa nyeupe ukungu mtupu, akirudi unaona kidole kinakata majani mawili na chipukizi lake. Filamu yote imesimama hapo.

Sasa kuna msambazaji wa Dar aliona kipande nilichoweka status, anataka kunipa laki nne achukue haki zote, moja kwa moja, nimkabidhi na mafaili mabichi. Anasema atakata vipande vya dakika moja moja aweke muziki, vikae kwenye apu yake. Washkaji wananiambia chukua hela, nani ataangalia ukungu dakika 24. Na mimi nikawa nafikiria labda niitupie tu YouTube yaishe. Ninachotaka ni watu waione ikiwa nzima, kuanzia na wale akina mama wachumaji. Anataka nisaini kabla ya Ijumaa. Nishaurini.

Kijana_Sokomatola

Mkuu mimi ntakuwa tofauti kidogo, laki nne ni hela, usiidharau, saivi mtaani hali unaijua. Ila mrudishie mkataba mwambie unampa haki ya kuiweka kwenye apu tu, mwaka mmoja, na asikate. Akikataa ujue hakutaka filamu yako alitaka picha za ukungu za kuwekea muziki.

Mzee_wa_Master

Dogo marahaba. Ngoja nikwambie nilichokiona Kariakoo kwa macho yangu. Enzi za VHS, zikaja CD na DVD, mtu anatoka mkoani na filamu yake anamkuta msambazaji, anapewa hela ya mkupuo anaacha master, yaani ile kopi mama, anapanda basi anarudi kwao. Zikitoka kopi elfu au laki yeye hajui na hana pa kuulizia maana kashauza. Mwaka 2013 zilipokuja stika za TRA kwenye CD na DVD tukasema afadhali sasa kopi zitahesabika, lakini wezi wa kazi hawakuacha, halafu simu janja zikaja zikamaliza biashara ya diski kabisa. Leo hao waliouza haki zote wanaziona filamu zao YouTube kwenye chaneli za watu wengine na hawapati hata senti. Diski zimekufa lakini ile mikataba bado inafanya kazi.

Kwahiyo usome huo wa kwako taratibu, utafute kipengele kinachosema "kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja". Kikiwepo maana yake unauza mpaka kitu ambacho hakijagunduliwa. Usisaini kabla ya Ijumaa, usisaini Ijumaa. Nenda kwanza kaisajili kazi yako COSOTA, wale wa hakimiliki.

Dada_Mufindi

Kaka hongera kwanza, hiyo ya picha kuzama na sauti nimeisoma mara mbili.

YouTube usikimbilie. Ili uanze kulipwa mgao wa matangazo wanataka uwe na masabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kuangaliwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu, saa 4,000 ni dakika 240,000, kwa filamu yako ni watu 10,000 waangalie mwanzo mwisho bila kuruka hata sekunde. Chaneli ya vichekesho inafika, filamu yako moja peke yake haitafika na wala haikutengenezwa kwa hilo. Tena kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi, matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijawekwa hadharani mtandaoni, ukishaitupia umejifungia mlango mwenyewe kwa kitu ambacho hakikulipi.

Anza na matamasha. ZIFF, tamasha la filamu pale Ngome Kongwe Zanzibar, iko karibu, na nje kuna Oberhausen Ujerumani, wale tangu 1954 kazi yao ni filamu fupi na hizi za majaribio hawazishangai. Mengi unatuma kupitia FilmFreeway, tovuti ya kuombea matamasha, ada zipo ila waandikie uombe wakusamehe, yapo yanayokubali. Weka sabutaito za Kiswahili na Kiingereza. Usimtumie mtu faili, mtumie linki yenye paswedi. YouTube iwe ya mwisho kabisa, ikishazunguka.

Mwalimu_Kihesa

Kamwene wote. Naongezea kwa Dada_Mufindi, maana tamasha ni kubahatisha, unaweza ukatuma kote ukakataliwa kote na filamu ikabaki ni nzuri vilevile.

Hili jambo si geni. Kulikuwa na mama anaitwa Maya Deren, mzaliwa wa Kiev aliyekulia Marekani, filamu zake fupi hazikuwa na stori ya kawaida na hakuna msambazaji aliyezitaka. Mwaka 1946 akakodi ukumbi mdogo New York, Provincetown Playhouse, akazionyesha mwenyewe, watu wakajaa. Amos Vogel alipoona hivyo akaanzisha klabu ya Cinema 16 mwaka 1947, wanachama wanalipa ada ya mwaka wanaletewa filamu ambazo kumbi za kawaida hazigusi, ikaenda mpaka 1963. Na 1962 Jonas Mekas na wenzake wakaunda Film-Makers' Cooperative, ushirika wa watengeneza filamu, unaweka kopi yako pale inakodishwa, mali inabaki yako na unaruhusiwa kuipeleka na kwingine. Ipo mpaka leo. Hawakuwa na intaneti, walikuwa na chumba na watu waliokuja makusudi, na ndo maana mimi nasema onyesho lako la kwanza lifanyie Tukuyu, wale akina mama wakae mbele.

Mambo mawili usiyapuuze. Kuonyesha hadharani kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, sheria ile ya 1976, anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Pili, mwenye shamba na wachumaji walikubali kurekodiwa? Na ndugu zako kuhusu sauti ya bibi? Pata kwa maandishi.

Ukungu_wa_Rungwe

Asanteni sana, ndaga fijo. Mzee_wa_Master hicho kipengele kipo, ukurasa wa pili, neno kwa neno. Nimemjibu jamaa kwamba apu tu mwaka mmoja na isikatwe, kanijibu basi tuachane. Sawa.

Wachumaji walikubali kwa mdomo, nitarudi na karatasi. Baba na mashangazi wameshaisikia ile sauti wakalia wakasema itumie. Ninachokwama sasa ni projekta, ya kukodi mjini ni bei na wanataka dhamana.

Kijana_Sokomatola

Projekta kanisani kwetu ipo, siku za katikati ya wiki haina kazi, nitamwomba mchungaji. Haina spika, spika za harusini si unazo? Njoo inbox tupange siku, na uje na waya mrefu wa umeme.